Nilibadilishiwa plazma mara 5 kwa ajili ya miastenia: haya ndiyo yaliyonikuta

Nilifikishwa hospitali nikiwa siwezi kumeza hata mate. Kope zimeshuka, nikitaka kumwona mtu lazima niinue kidevu. Sauti inatokea puani. Daktari aliniambia nivute pumzi moja nihesabu kwa sauti mpaka iishe, nikaishia 12. Mtu mzima hufika 40 au 50 bila shida.

Nina miastenia gravisi, mojawapo ya yale magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Kingamwili zangu, yaani protini za kinga, hukaa kwenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli, kwa hiyo ubongo unaamuru na msuli hausikii. Dawa za kutuliza kinga zipo, lakini prednisoloni huchukua wiki, na siku za mwanzo inaweza kumzidishia mgonjwa udhaifu. Azathioprini huchukua miezi. Daktari alisema pumzi yangu haina muda huo, zile kingamwili inabidi zitolewe kwa mashine.

Usiku ule, simu ikiwa mkononi na jicho moja nimelishikilia kwa kidole, nilitafuta mtu aliyewahi kulala kwenye kitanda kile akaeleza kwa Kiswahili. Sikumpata. Ndiyo maana nimeandika.

Damu hutoka mwilini kidogokidogo na kuingia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Seli, kwa kuwa ni nzito, hujitenga na plazma, yale majimaji ya damu. (Mashine nyingine hazizungushi, huchuja damu kwa utando.) Seli zako zinarudishwa. Plazma, ambamo kingamwili huogelea, inakwenda kwenye mfuko wa kutupwa, na nafasi yake inajazwa albumini, protini iliyotengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji. Nina kilo 60, wakapiga hesabu ya takriban lita 2 na nusu kila awamu. Ule mfuko unauona hapo pembeni ukijaa maji ya njano iliyokolea. Niliutazama muda mrefu sana. Miezi yote ile nilikuwa naumwa kitu nisichoweza kumwonyesha mtu, sasa kinaning'inia mbele yangu.

Mishipa ya mikono yangu ni myembamba, haikuweza kuhimili kasi ya mashine, hivyo niliwekewa katheta shingoni. Kama una mishipa minene, uliza kwanza kama ya mkononi itatosha, kwa sababu mrija wa shingoni ni mlango wa vijidudu na unakaa nao siku zote za tiba. Kuuweka hakukuuma kama nilivyoogopa, ganzi ndiyo iliyochoma. Kilichonichosha ni kulala nao: kugeuka kwa hofu, kutolowesha ile bandeji, kupimwa joto asubuhi na jioni.

Awamu ya kwanza ndipo nilipopata hofu kubwa kuliko zote, na hofu hiyo ingeweza kuzuiwa kwa sentensi moja. Mashine ilikuwa na dakika 40 hivi, midomo ikaanza kufa ganzi, kisha ncha za vidole zikawa kama zinachomwa na vijisindano. Mgonjwa wa miastenia akihisi mdomo unabadilika anajua anakokwenda. Nikanyamaza, nikidhani ugonjwa unapanda na nikisema watanitia mrija wa kupumulia. Nesi aliyepita kubadilisha chupa ndiye aliyeuona uso wangu.

"Dada, midomo inakufa ganzi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni kalsiamu imeshuka, siyo ugonjwa wako. Siku nyingine usinyamaze, niite hapohapo."

Akapunguza kasi, akanipa kalsiamu kupitia mshipa, na baada ya dakika chache ganzi ikaondoka. Alinieleza kuwa ili damu isigande ndani ya mashine huchanganywa na sitreti, na sitreti hushika kalsiamu ya mwili. Ni kawaida, hutibika upesi, lakini ukikaa kimya inaweza kufika kwenye kukakamaa kwa misuli na hata kuvuruga mapigo ya moyo. Kwamba hakuna aliyenieleza haya kabla ya kuanza, hilo bado linaniuma. Karatasi ya ridhaa nilisaini, sawa, ila nilisaini kwa jicho moja.

Jambo la pili ambalo ningependa ulijue ni saa za dawa. Siku ya awamu ya pili nilimeza vidonge vyangu vyote asubuhi, saa moja kabla ya mashine, na mfamasia alipopitia faili akauliza kwa nini. Dawa nyingine zikiwa bado kwenye plazma hutolewa pamoja nayo. Tangu hapo vile ambavyo vingeweza kusubiri nilivimeza baada ya awamu. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, mgonjwa wa presha, alisimamishiwa enalaprili siku moja kabla, kwa kuwa dawa za kundi lile zikikutana na tiba hii zinaweza kuporomosha presha vibaya.

Sasa, je, ilisaidia?

Baada ya awamu ya kwanza, hakuna nilichohisi zaidi ya uchovu na baridi. Nililia usiku. Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya maabara: kubadilisha plazma yote mara moja huondoa takriban theluthi mbili ya kingamwili zilizo ndani ya mishipa, lakini zaidi ya nusu ya kingamwili za aina hii ziko nje ya mishipa, kwenye tishu. Baada ya siku moja au mbili zinavuja kurudi ndani ya damu, ndipo mashine inazichukua tena. Kwa hiyo nilifanyiwa mara 5, siku moja ndiyo, moja hapana. Mapumziko yale pia huupa mwili nafasi ya kutengeneza upya protini za kugandisha damu, maana mashine haichagui, inabeba mbaya na nzuri. Kabla ya kila awamu walinipima damu kuzihakikisha.

Asubuhi baada ya awamu ya tatu niliamka nikiwa naona dari. Nilikaa kama dakika nzima kabla sijaelewa kwamba kope zimejiinua zenyewe. Nilihesabu kwa pumzi moja: 28. Siku ya kutoka ilikuwa 41, na nilikuwa natafuna.

Tiba hii si ngeni. Jina lake la kitaalamu, plazmaferesisi, lilianza kutumika mwaka 1914 na John Abel na wenzake wa Johns Hopkins walipoijaribu kwa mbwa, na mwaka 1976 madaktari wa London walichapisha katika The Lancet habari za wagonjwa wa miastenia waliopata nafuu kwa njia hii. Lakini haifai kila ugonjwa wa kinga. Kwa miastenia iliyozidi, na kwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga hushambulia neva, ina ushahidi mzuri. Kwa figo zilizoshambuliwa na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, utafiti mkubwa wa mwaka 1992 haukuona faida ya kuiongeza juu ya dawa za kawaida. Mtu akikuuzia tiba hii kama ya "kusafisha damu" kwa kila maradhi, muulize ugonjwa wako unatokana na kingamwili gani. Na kuna mbadala, dripu ya kingamwili za wachangiaji, ambayo kwa miastenia iliyozidi imeonyesha matokeo yanayokaribiana.

Kiwanda cha kingamwili zangu hakikufungwa. Wiki ya sita kope ya kushoto ilianza kushuka tena jioni, kama nilivyoonywa, ila safari hii prednisoloni ilikuwa imeshashika kazi na haikufika kwenye koo. Sasa nasubiri upasuaji wa kuondoa thaimasi, tezi ya kifuani inayohusika na kinga, na wamesema huenda nikabadilishiwa plazma mara chache kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Nimekubali. Nimeshamuuliza nesi kalsiamu itakuwa wapi.