"Mabegi mtayakuta Columbus." Hatukuyakuta

Nimekaa na hasira hii tangu baridi ianze huku Ohio. Leo naiandika. Jina la shirika la ndege silitaji, maana shauri langu nao bado halijaisha.

Nilimfuata Mama Dar es Salaam aje akae nami miezi mitatu. Hajawahi kupanda ndege na magoti yanamsumbua, nikaona bora nilipe nauli yangu pia kuliko kumwacha peke yake abadilishe ndege mara mbili: kwanza kwenye kituo chao kikubwa cha kati, kisha Chicago, ndipo Columbus. Tiketi moja, mabegi manne ya kilo 23.

Pale Jengo la Tatu, uwanja wa Julius Nyerere, nikamuuliza dada wa kaunta: "Samahani dada, Chicago tunachukua mabegi au yanapitiliza?" Niliuliza kwa sababu sikujua. Nilipokuwa naishi Maryland nilikuwa nashukia Washington, safari inaishia hapo hapo, sijawahi kuunganisha ndege nikiwa ndani ya Marekani. Akajibu bila kuinua uso. "Yanapitiliza. Mtayakuta Columbus." Nikamwambia kuna mtu aliniambia vingine. Hapo akainua uso. "Dada, hii kazi nafanya kila siku. Wewe unasafiri mara ngapi kwa mwaka?" Foleni nzima ikasikia. Mama akanivuta mkono: "Mwache mwanangu, anajua kazi yake." Nikanyamaza. Mpaka leo kunyamaza kule ndiko kunakoniuma.

Maana ukweli ni huu, na yeye anayefanya kazi hiyo kila siku alipaswa kuujua: ukiingia Marekani, kwa kawaida uwanja wa kwanza unaogusa ndipo unapochukua mabegi yako mwenyewe, hata kama safari inaendelea. Ukitoka uhamiaji unakwenda kwenye mkanda, unayatoa, unapita nayo forodha, halafu mlangoni tu baada ya forodha unayakabidhi tena yaendelee. Hata kibandiko kikiandikwa mji wa mwisho. Na chetu kiliandikwa hivyo. Vile vipande vinavyobandikwa nyuma ya pasi vilisomeka CMH, yaani Columbus, herufi kubwa nyeusi. Nani asingeamini?

Tukafika Chicago, muda wa kuunganisha umebana, kiti cha magurudumu tulichoomba hakijaja, Mama anatembea kwa kushika ukuta. Tukaupita mkanda wa mizigo. Inawezekana kabisa mabegi yetu yalikuwa yanazunguka pale pale, hatua chache kutoka tulipopita. Afisa wa forodha akaniuliza mizigo iko wapi, nikajibu kwa uhakika kwamba inaenda Columbus. Akaturuhusu.

Columbus usiku mkanda ukazunguka mpaka ukazimwa. Masweta ya Mama, soksi, koti zito nililomnunulia, vyote vilikuwa kwenye begi jekundu. Mama yangu alitoka mlangoni kwenye baridi ile akiwa na gauni, kanga mbili na kandambili. Nikamvisha koti langu. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana, na bado ananiambia, "Sijambo mwanangu, twende tu."

Kijana wa ofisi ya mizigo hakutugombeza. Aliandika ripoti, akanipa namba ya kufuatilia, akasema mabegi yako Chicago yanasubiri mwenyewe. Matatu yaliletwa nyumbani siku ya tano. Jekundu lilichelewa zaidi, na lilipofika ndani juu kabisa kulikuwa na kile kikaratasi cha usalama kinachosema begi limefunguliwa likakaguliwa. Sawa, wakague. Lakini chupa ya mafuta ya nazi, ambayo shangazi aliyakamua mwenyewe Tanga akaizungushia nailoni mara tatu, ilirudishwa kifuniko kikiwa upande. Doti za kanga alizowaletea wakwe zangu zote zilikuwa zimelowa. Mama alizifua mara mbili kwa maji ya moto. Harufu imetoka, doa halijatoka.

Nilitaka niandike msilipande shirika hili kamwe. Ila nitakuwa mwongo nikisema safari yote ilikuwa mbaya. Kwenye kituo cha kati kuna kijana alimsukuma Mama kwenye kiti kutoka geti mpaka geti, akamsubiri nje ya choo, akamtafutia maji ya uvuguvugu anywe dawa, na pesa nilizompa akakataa. Ndani ya ndege walimwita Mama kwa heshima kila mara. Kwa hayo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, hata nne.

Mpaka barua pepe yao ilipoingia wiki iliyopita. Wanasema kufuata taratibu za nchi unayoingia ni jukumu la abiria. Jukumu langu! Mimi niliyeuliza mara mbili nikaaibishwa mbele za watu! Kwa hiyo nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana wa kiti.

Nimewajibu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Marekani zote zimo, unampa abiria siku 21 tangu akabidhiwe begi lililochelewa aandike malalamiko yake, na siku 7 tu kwa kilichoharibika. Niliandika yote mawili ndani ya siku tatu, nikaambatanisha risiti za masweta na koti nililonunua usiku ule, na picha za kanga.

Tiketi ya Mama ya kurudi ni ya shirika hilo hilo, na kubadilisha ni pesa nyingi. Nikamuuliza kama nitafute namna. Akasema hapana, anataka kupita pale pale, huenda akamkuta tena yule kijana amshukuru. Ameshamwekea doti moja pembeni, ya kiume haipo, basi atampa ampelekee mama yake.