Uzoefu wangu na "Avengers: Under Siege": genge la wabaya lililojipanga kuliko mashujaa

Mimi ni msomaji wa komiki wa siku nyingi, na ninachokitafuta kila ninapofungua kitabu kipya ni genge la wabaya. Steringi tunamjua, atashinda. Mbaya mmoja naye tunamjua. Lakini wabaya kumi waliokubaliana kufanya kazi pamoja, kila mmoja na kiburi chake na deni lake la kulipiza, hapo ndipo hadithi inapopata moto. Au inapopaswa kupata, kwa sababu waandishi wengi wanaishia kukusanya nguo za rangi rangi na kuzipanga mstari.

Chukua Sinister Six, genge la kwanza la maadui wa Spider-Man, lililotoka mwaka 1964 kwa mikono ya Stan Lee na Steve Ditko. Doctor Octopus anawakusanya Electro, Kraven, Mysterio, Sandman na Vulture. Watu sita ambao wakimvamia kijana yule kwa pamoja hana pa kutokea. Halafu wanapeana zamu! Kila mmoja anamsubiri mahali pake, anapigwa, anapisha mwenzake. Michoro ya Ditko naipenda mpaka leo, lakini kama genge, lile halikuwa genge. Lilikuwa foleni.

Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu kitabu hiki. Avengers: Under Siege ni mkusanyo wa matoleo ya jarida la The Avengers, timu ya mashujaa wa kampuni ya Marvel, ya mwaka 1986 na mwanzoni mwa 1987. Mwandishi ni Roger Stern, michoro ni ya John Buscema, na wino ni wa Tom Palmer. Kiini cha hadithi ni toleo la 273 hadi la 277. Nakala yangu ni ya karatasi. Dada yangu aliye Uingereza aliinunua mtandaoni kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, akanibebea alipokuja likizo. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba kitabu ni kama kipya, kumbe kona ya jalada imekunjika na kurasa za mbele zimeanza kuachia gundi. Kwa hiyo ukinunua kilichotumika omba picha za mgongo wa kitabu kabla ya kulipa, hapo ndipo ubovu unapojificha.

Nitaeleza mambo mengi ya ndani, kwa hiyo anayetaka kusoma bila kujua lolote aishie hapa.

Mpangaji wa kila kitu ni Baron Helmut Zemo. Wengi wanamfahamu kupitia filamu ya Captain America: Civil War ya 2016, alipoigizwa na Daniel Brühl. Huyu wa kwenye komiki ana historia ndefu zaidi. Baba yake, Heinrich Zemo, ndiye aliyeanzisha Masters of Evil katika toleo la 6 la jarida hilohilo, mwaka 1964, yeye pamoja na Radioactive Man, Melter na Black Knight wa kwanza. Mwaka uliofuata, katika toleo la 15, Heinrich akafa akipambana na Captain America. Mwana amerithi jina la genge na chuki ya baba. Kitu kimoja hakukirithi, nacho ni papara.

Genge lake ni kubwa. Wamo Mister Hyde, Goliath, Tiger Shark, Whirlwind, Yellowjacket, Fixer, Absorbing Man na mwenzake Titania, Moonstone, Blackout, pamoja na Wrecking Crew ambao peke yao ni wanaume wanne wenye nguvu za kung'oa jengo. Ukisoma orodha hiyo unaweza kudhani ni vurugu tupu. Sivyo. Zemo anasubiri. Anatumia watu wake kuwachunguza Avengers, anajua nani yuko wapi, na hamtoi mtu wake hadharani kabla ya wakati. Siku anayoichagua ni siku ambayo mashujaa wametawanyika, kila mmoja na shughuli zake, na jumba lao la Fifth Avenue jijini New York limebaki na Jarvis, mtumishi wa nyumba. Wanaingia, wanalitwaa. Black Knight, huyu wa sasa ambaye ni shujaa wa Avengers, anarudi nyumbani anakamatwa. Captain America naye anarudi, anakamatwa. Hakuna anayepewa nafasi ya kupigana na mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

Kilichonishika zaidi ni jinsi Stern alivyogeuza mambo. Kwa siku hiyo moja wabaya ndio wenye nidhamu, mashujaa ndio wasiosikilizana. Kiongozi wa Avengers wakati huo ni Wasp, Janet Van Dyne. Anaweza kujipunguza hadi ukubwa wa mdudu, ana akili kali, na ndiye anayeiona hatari mapema. Hercules, mwenzao mwenye nguvu nyingi, hataki kuamrishwa na mwanamke. Analalamika tangu mwanzo, ananuna, anakwenda kulewa baa, na huko anatiliwa kitu kwenye kinywaji na watu wa Zemo. Anaporudi Wasp anamwambia asiingie, wasubiri wapange. Anamsukuma pembeni na kuingia. Kilichomkuta humo ndani ni kipigo kizito kuliko chochote nilichowahi kuona mtu wa aina yake akipewa. Goliath, Hyde na Wrecking Crew wanamshambulia kwa pamoja, si kwa zamu, hadi mtu ambaye hadithi zinamwita mwana wa Zeus anapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Buscema amechora uzito wa kila ngumi. Unaona mwili mkubwa ukikunjika, na Palmer ameweka wino mweusi mwingi kwenye vivuli kiasi kwamba ukumbi ule wenye mwanga unaanza kufanana na shimo.

Kuna Captain Marvel pia, na hapa namzungumzia Monica Rambeau, mwanamke mweusi kutoka New Orleans ambaye Stern mwenyewe alimbuni pamoja na John Romita Jr. mwaka 1982. Anaweza kugeuka mwanga, na katika timu ile hakuna wa kumfikia kwa nguvu. Zemo hamtumii mtu wa kumpiga. Anamtumia Blackout, kijana anayeamuru giza, na Monica anamezwa nalo. Mwanga dhidi ya giza, mtu sahihi dhidi ya mtu sahihi. Hivi ndivyo genge linavyotakiwa kuandikwa! Kila mjumbe awe na kazi ambayo mwingine hawezi kuifanya.

Sasa nifike kwenye kurasa zilizoniumiza. Captain America amefungwa. Zemo hataki kumwua bado, anataka aone. Analetwa Jarvis mbele yake, na Hyde anaanza kumpiga. Jarvis ni mtu mzima asiye na nguvu zozote, kazi yake ni kupika, kufungua mlango na kuwakumbusha mashujaa kula. Nilikuwa nasoma na mpwa wangu, amelala kifudifudi kwenye mkeka akifuata maneno kwa kidole. Akanyanyua kichwa akauliza, "Mjomba, huyu mzee kawakosea nini?" Nikamjibu kwamba hajawakosea chochote, wanampiga kwa sababu Captain anampenda. Akanyamaza, akaomba nigeuze ukurasa. Kitabu hakina damu nyingi, lakini nawashauri wazazi wakisome wenyewe kwanza kabla ya kumpa mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili. Ukatili wake uko kwenye nia ya anayeutenda.

Na Zemo haishii kwa Jarvis. Wanakwenda kwenye vitu vya Captain alivyobakiwa navyo kutoka maisha ya kabla ya vita, maana huyu ni mtu aliyelala kwenye barafu tangu Vita Kuu ya Pili akaamka watu wake wote hawapo. Ikiwamo picha pekee ya mama yake. Wanaiharibu. Mwishoni kabisa, baada ya ushindi, Captain anakusanya vipande na kulia, Wasp yuko naye. Captain hazungumzii kuokoa jiji wala dunia. Nimesoma komiki ambamo sayari nzima zinalipuliwa na sikuhisi kitu. Picha ile ilinikaa siku kadhaa.

Genge linavunjika vipi? Hapa Stern amenifurahisha sana, kwa sababu linavunjika kutokea ndani. Blackout ana akili iliyojeruhiwa, hawezi kujiamulia, na giza lake ndilo nguzo ya mpango mzima. Zemo anamshika. Moonstone naye, ambaye kabla ya uhalifu alikuwa mtaalamu wa saikolojia, anajua kabisa kwamba atakayemshika Blackout ndiye atakayeshika genge. Kwa hiyo humo ndani ya jumba walilolitwaa kuna vita ya chinichini: wawili wanazungumza na kijana yuleyule kwa sauti ya upole, kila mmoja akimvutia kwake. Anayelipa gharama ni kijana. Anajaribu kuikataa amri ya Zemo, Doctor Druid, mmoja wa Avengers, akimsaidia kwa nguvu za akili, na juhudi hiyo inamwua. Sikutarajia kumsikitikia mtu wa Masters of Evil, na nilimsikitikia. Alikuwa silaha ya watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyemwita kwa jina lake kama mtu.

Upande wa pili, Wasp anafanya alichotaka kufanya tangu mwanzo: anasubiri, anakusanya watu, anapanga. Pambano la hospitalini, ambapo yeye na Ant-Man, Scott Lang, wanamlinda Hercules aliyezirai dhidi ya Absorbing Man na Titania, ndilo ninalolipenda kuliko yote kitabuni. Watu wawili wenye ukubwa wa wadudu dhidi ya majitu mawili, na wanashinda kwa kufikiri.

Kasoro zipo. Maneno ni mengi, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Mtu anarusha ngumi huku akijieleza anachofanya, na viputo vya mawazo vinarudia kile ambacho mchoro umeshasema. Sura za mwanzo, zenye waandamanaji getini wanaompinga Namor, mtawala wa baharini aliyekuwa mmoja wa Avengers, zinakwenda polepole, ingawa ukirudia utaona mbegu zilizopandwa mle. Baadhi ya wajumbe wa genge hawapati chao: Whirlwind na Tiger Shark wamo kwa ajili ya kujaza picha, ningefurahi kama wangepewa japo ukurasa mmoja wa kwao. Na Thor, mungu wa radi, anapofika, hofu inapungua ghafla. Ningependa Wasp amalizane nao bila yeye. Pambano la mwisho la Captain na Zemo juu ya paa linarudisha uzito, namshukuru Stern kwa hilo.

Niliwahi kukisoma pia kwa simu, kabla sijapata cha karatasi. Kwa simu unasoma kisanduku kimoja kimoja, na hapo unampoteza Buscema. Yeye anapanga ukurasa mzima: ukumbi unaonekana, ngazi zinaonekana, unajua nani kasimama nyuma ya nani. Ukikata vipande vipande huelewi kwamba Hercules amezungukwa. Tableti inafaa, simu haifai. Kama una simu tu na huna namna, washa uone ukurasa mzima kwanza, halafu ndiyo usogeze karibu.

Nakipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa mtu anayetaka kuanza kusoma kuhusu magenge ya wabaya, nampa hiki kabla ya kingine chochote. Huhitaji kujua miaka ishirini ya nyuma, Stern anakutambulisha kila mtu akiwa njiani.

Ukikimaliza, tafuta toleo la kwanza la Thunderbolts la mwaka 1997, la Kurt Busiek na Mark Bagley. Baadhi ya watu wa jumba lile utakutana nao tena. Usisome maelezo ya jalada la nyuma, usimuulize mtu, usitafute mtandaoni. Soma hadi ukurasa wa mwisho wa toleo hilo, kisha uniandikie tuongee.