Daktari nyota tano, dirisha la mapokezi sifuri

Nilisubiri hasira ipungue kabla ya kuandika tathmini hii. Haikupungua, kwa hiyo naandika nayo. Anayetaka kujua kliniki hii ya masikio, pua na koo iko mtaa gani hapa Dar es Salaam, inafungua saa ngapi na inapokea bima zipi, hayo yote yamo kwenye bango lao. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo ni lile dirisha la kwanza la mapokezi, pale mtoto anapopimwa uzito na joto na mzazi anapoulizwa shida kabla ya kupangiwa foleni.

Mwanangu ana miaka mitano, na alikuwa akikatika pumzi usingizini. Kukoroma kulikuwepo pia, tena kwa sauti iliyomfanya jirani aulize kama tumepata mgeni, lakini kilichokuwa kinanitia hofu ni pale mkoromo unapokatika ghafla. Kifua kinaendelea kuhangaika, mbavu zinaingia ndani, shingo inapinda nyuma, na hewa haipiti, mpaka anashtuka akihema kama mtu aliyeokolewa majini, anageuka upande wa pili, kisha yote yanaanza upya. Alilowa jasho hata katika miezi ya baridi, na akarudia kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha. Mwalimu wake alilalamika kwamba hatulii darasani na kwamba hugombana na wenzake kwa jambo dogo. Hilo ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa kuwa mtu mzima mwenye maradhi haya husinzia mchana, ilhali mtoto mara nyingi huwa mtundu, mwenye hasira, asiyeweza kukaa na jambo moja, na kila anayemwona akikimbia husema huyu ana nguvu zake.

Mama yake ni mwalimu Dodoma na huja nyumbani wakati wa likizo, kwa hiyo anayelala na mtoto ni mimi. Nalitaja hili kwa sababu ya yaliyonikuta dirishani.

Dada aliyekuwa zamu aliniuliza shida, nikaanza kumweleza. Alimtazama mtoto, ambaye wakati huo alikuwa akipanda na kushuka kwenye mabenchi, akanikatiza.

“Baba, mama yake yuko wapi?”

Nikamwambia yuko kazini, mkoani.

“Angekuja mama yake angetueleza vizuri mtoto analalaje. Nyie akina baba mkisikia mkoromo kidogo tu mnakimbilia hospitali.”

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nilimeza, kwa kuwa nilikuwa na ushahidi mfukoni, nikatoa simu ili nimwonyeshe video niliyoichukua usiku. Hapo ndipo aliponionyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo, linalokataza kupiga picha na kurekodi video ndani ya jengo. Nilimweleza, kwa upole ambao hadi leo unanishangaza, kwamba sikuwa ninarekodi chochote, bali nilitaka aone kilichorekodiwa nyumbani kwangu, kikimhusu mwanangu mwenyewe. Alijibu kwamba video ni video. Kwenye faili akaandika “mafua, anakoroma”, akatupeleka kwa daktari wa kawaida, ambaye kwa kufuata maandishi hayo alitupa dawa ya matone ya pua na sharubati ya mzio. Nililipia kumwona daktari, nikalipia dawa, nikarudi nyumbani na mtoto yuleyule mwenye tatizo lilelile.

Sijui kama wenye kliniki wanaelewa ukubwa wa upuuzi huu. Maradhi haya hutokea saa nane za usiku, wakati milango yao imefungwa, na mchana mtoto huonekana mzima kabisa. Kipimo kamili cha usingizi, kile cha kulala usiku kucha na nyaya kichwani na kifuani, ni ghali na hakipatikani kila mahali. Shahidi anayebaki ni mzazi, na simu yake. Kliniki iliyoandika kwenye bango kwamba inatibu matatizo ya kupumua usingizini, halafu ikamweka mlangoni mtu anayezuia ushahidi wa kupumua usingizini, ingefuta tu hilo bango.

Ninapaswa kuwa mkweli kuhusu yaliyofuata, ingawa yananiharibia hasira yangu. Tuliporudi siku nyingine dirishani palikuwa na kijana mwingine, aliyetuelekeza moja kwa moja kwa daktari bingwa, na daktari huyo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alipomaliza kunisikiliza aliuliza swali la kwanza: “Una video?” Nusura nicheke kwa uchungu. Aliitazama yote, kisha akaitazama tena bila sauti, akiangalia kifua peke yake, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo mtoto alikuwa anavuta hewa isiyoingia. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima mkatiko huhesabiwa ukifika sekunde 10, lakini kwa mtoto hata pumzi mbili zilizokosekana hutosha, na kwamba mkatiko zaidi ya mmoja kwa saa tayari si jambo la kawaida kwake, wakati mtu mzima huanza kuhesabiwa mgonjwa akifikia mitano.

Alimulika koo. Tonsesi zilikuwa zimekaribia kugusana, na picha ya eksirei ya shingo, iliyopigwa kwa upande, ilionyesha nyama za puani zimeziba sehemu kubwa ya njia ya hewa. Alitupa kifaa cha kubana kidoleni tulale nacho, nacho kikaonyesha oksijeni ikishuka na kupanda kwa mafungu usiku wote.

Hata hivyo hakunikimbiza kwenye upasuaji wa kuondoa tonsesi na nyama hizo, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alisema si kila mtoto anayekoroma lazima akatwe, akanitajia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9: baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, lakini pia kwa asilimia 46 ya waliosubiri wakiangaliwa tu. Basi kusubiri si uzembe, alisema, isipokuwa mtoto ambaye oksijeni yake inashuka kama ya mwanangu si wa kusubirishwa. Nilitoka mle nikiwa tayari kuwasamehe wote, hata yule dada.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walimlaza usiku ule chini ya uangalizi, kwa sababu mtoto aliyezoea kukosa hewa anaweza kupata shida baada ya dawa ya usingizi, na muuguzi wa zamu hakuacha kengele ya mashine ilie mara ya pili bila kufika kitandani. Walitupa parasetamoli na ibuprofeni, wakatuonya tusimpe kodeini hata kama duka la dawa litatuuzia, kwa kuwa miili ya baadhi ya watoto huigeuza haraka mno kuwa mofini na kuwazimisha pumzi. Walitueleza pia kwamba damu inaweza kutoka kooni hata baada ya siku 5 hadi 10, wakati kidonda kinapobanduka, na wakatupa namba ya kupiga usiku. Nilipiga mara moja kwa wasiwasi mtupu, na ikapokelewa.

Sasa mtoto analala mdomo umefungwa. Shuka ni kavu. Mwalimu ameniuliza tumempa nini. Kwa hayo yote nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota nne, na nne hizo zingebaki kama siku ya kurudi kukaguliwa koo nisingemkuta yule dada zamu. Alimtambua mtoto, akatabasamu, akasema, “Si huyu hapa mzima? Nilikwambia, baba, ni kukoroma tu.”

Mbele yake palikuwa na faili lenye barua ya upasuaji. Sikumjibu. Niliandika malalamiko rasmi kwa uongozi, nikieleza siku ya kwanza ilivyokuwa, maneno yaliyosemwa na tangazo lililotumiwa kuzuia video, na baada ya muda nikapata jibu la mistari mitatu linalonishukuru kwa kuichagua kliniki yao na kunikumbusha kwamba kanuni ya video ipo kwa ajili ya faragha ya wateja wote. Kuhusu akina baba hawakugusia. Kuhusu zile dawa za pua nilizolipia, vilevile kimya. Ningeelewa kama wangesema dada yule alikosea na watamfundisha. Hilo lingenitosha kabisa.

Kwa hiyo nilishusha nyota hadi moja. Kisha nikamkumbuka yule muuguzi wa usiku, nikaongeza moja. Zibaki mbili, ingawa mke wangu anasema ninawaonea na kwamba yeye angetoa tano, lakini yeye hakuchekwa na foleni. Na mtu akiniuliza leo ampeleke wapi mtoto anayekatika pumzi, nitamwelekeza papo hapo bila kusita, ila apige simu kwanza aulize mambo mawili, daktari bingwa yupo siku zipi na dada wa dirisha la kwanza yupo siku zipi, kisha achague siku ambayo yupo wa kwanza na hayupo wa pili.