Suruali ya shilingi mia tatu, Kongowea

Mwezi wa tatu daktari alinipima presha, akakunja uso, akasema: "Mama, tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki." Ndizo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Nikaitikia, ila sikumwambia kwamba sina cha kuvaa.

Wenye mwili kama wangu watanielewa. Dera nalipenda sana, lakini ukitembea nalo upesi ufuoni linajaa upepo na kukunasa miguu. Chini yake mapaja yanasuguana, na kwa joto la Kaskazi ngozi inachubuka hadi kesho yake huwezi hata kwenda dukani. Nikaingia duka moja la nguo za mazoezi huko mjini. Kijana wa kaunta hakuinuka. "Saizi yako hapa hatuna, mama." Nikageuka nikarudi nyumbani, na wiki tatu nzima sikutembea hata siku moja. Kauli kama ile inamkosesha mtu afya yake, nami nasema hivyo kwa dhati.

Jirani yangu ndiye aliyenichukua Soko la Kongowea, hapa Mombasa, kwa dada mmoja anayeuza mitumba ya saizi kubwa tu. "Karibu mpenzi, hapa hakuna nguo ya kukukataa," ndivyo alivyonipokea. Akachomoa futi shingoni, akanizungushia kiunoni, kisha nyonga, kisha paja. Paja! Sijawahi kupimwa paja na muuzaji yeyote. Alinieleza kuwa lebo usiiamini: 20 ya Uingereza ni 16 ya Marekani na 48 ya Ulaya, na robota moja laweza kuwa na zote tatu. Ule ujanja wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni ili ujue kama itakutosha anaupinga, kwa sababu haukuambii lolote kuhusu nyonga.

Nilinunua suruali mbili za kunyumbuka, kila moja shilingi 300, na fulana ndefu ya pamba kwa 200. Alinionyesha jinsi ya kuzikagua: vuta kitambaa cha mapajani, ukitazame kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, rudisha, maana hapo ndipo patakapotoboka kwanza. Suruali moja ilikuwa imeanza kulegea pale kati ya miguu, akanipunguzia hamsini na kunielekeza kwa fundi cherehani aliye karibu, ambaye alitia kipande cha kitambaa kwa shilingi 100. Mshono wake hadi leo haujafumuka, na nimeufua mara nyingi.

Upungufu upo. Pa kujaribia ni leso iliyoshikwa na wasaidizi wawili, na mwenye haya atapata tabu. Masika yakianza, njia ni tope tupu. Sidiria za saizi kubwa huwa hana, au zipo zilizokwisha mpira, na hilo ni pengo kubwa kwa mtu anayetaka kwenda mwendo wa haraka. Nguo za kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, nazo zinakwisha mapema. Ukifika adhuhuri unaokota masalio.

Siku hizi alfajiri nashuka ufuo wa umma wa Bamburi, ule tunaouita Pirates. Huwa nangoja maji yapwe, kwa kuwa mchanga ulioachwa na bahari umekaza na magoti hayaumi. Nimevaa suruali yangu ya bluu, fulana imefunika makalio, mtandio nimeufunga nyuma. Sivuti nguo, sijikagui, macho yangu yako kwenye ngalawa.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, vaa taiti ndani ili ujaribu bila wasiwasi, na mwambie akupime paja.