Siku tisa Iceland: mji ulionikosha ni wa wavuvi, si Reykjavík

Wengi niwajuao waliotangulia kwenda Iceland walilala Reykjavík, mji mkuu, siku zote, wakawa wanabebwa na mabasi kwenda kutazama maporomoko na kurudishwa jioni. Mimi na mke wangu tulikwenda Juni, kutoka Denmark tunakoishi, ni safari ya ndege ya saa tatu hivi kutoka Copenhagen. Tukakodi gari. Leo tukikumbushana safari ile, Reykjavík haitajwi kabisa.

Si kwamba ni mji mbaya. Ukipanda lifti ya mnara wa kanisa la Hallgrímskirkja, mita 74 na nusu, hujutii pesa uliyolipa: chini yako nyumba za mabati za rangi kila aina, na bahari imeuzunguka mji. Sisi kwetu bati ni la paa, wao wamelivisha hadi kuta, na limependeza. Jumba la muziki la Harpa, lililofunguliwa 2011, tazama vioo vyake hata kama huna tiketi ya kuingia ukumbini. Siku mbili zinatosha. Ya tatu tulibaki kuzunguka maduka yale yale ya masweta, na bei zake zinatia kizunguzungu.

Lililonivuruga ni jua. Mswahili saa zake anazihesabu kwa jua, sasa jua lenyewe linazama saa sita usiku na kuchomoza saa tisa. Nilimtumia mama Tanga picha niliyopiga saa tano usiku, watu wanakula aiskrimu barabarani. Asubuhi akanijibu: "Mwanangu, saa yako imeharibika." Beba kitambaa cha kufunga macho, mapazia ya hotelini yalitusaidia kidogo sana.

Jambo jingine ni mabwawa ya kuogelea. Karibu kila kimji kina bwawa la maji ya moto, mara nyingi yatokayo ardhini, na huko ndiko wenyeji wanakokutana kupiga soga. Lakini kabla ya kuingia lazima uoge kwa sabuni, uchi kabisa, mbele ya wenzio (wanaume kwao, wanawake kwao). Mimi niliyelelewa kuoga na kikoi kiunoni nilisimama pale kama mlingoti. Mzee mmoja akanionyesha bango ukutani lenye mwili wa mtu uliowekwa alama sehemu za kusugua. Nikasugua.

Siku ya nne tukashika barabara ya kaskazini kwenda Akureyri, karibu kilomita 390. Njiani tulisimama kituo cha mafuta, mke wangu akafungua mlango upepo ukitokea nyuma, mlango ukaenda nao hadi bawaba zikalia. Kampuni ya gari ikatutoza pesa ya kumkosesha mtu usingizi, kwa kuwa bima yetu, tuliyoambiwa ni kamili, haikuhusu upepo. Soma maandishi madogo. Na egesha gari pua ikiuelekea upepo.

Akureyri ni mji mtulivu mwisho wa fiodi (mkono mrefu wa bahari unaoingia kati ya milima), wenye bustani ya mimea iliyofunguliwa 1912 ambayo hulipii kuingia. Taa nyekundu za barabarani zina umbo la moyo, waliziweka baada ya mtikisiko wa benki wa 2008 ili watu wachangamke. Ukisimamishwa na moyo huwezi kununa. Kutoka hapo Húsavík ni mwendo wa saa moja, twende kwa nyangumi. Tuliwaona watatu, na mimi nikatapika mara mbili. Mtoto wa pwani! Mke wangu hajaacha kulisimulia.

Mji ulionikosha ni Siglufjörður. Unaufikia kwa kupenya mahandaki milimani, moja lina njia ya gari moja tu na vituo vya kupishania, na mawili ya mwisho yalifunguliwa 2010. Ghafla unatokea kwenye kibandari kilichobanwa na milima yenye theluji. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya heringi, samaki ambaye ni jamaa wa kale kasamaki ketu kanakoitwa simu, ila mkubwa. Wanorwei walianza kumtia chumvi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na wasichana wakamiminika kila kiangazi kupasua na kupanga samaki kwenye mapipa, wakilipwa kwa pipa. Makumbusho yako ndani ya majengo yao yenyewe, likiwemo la 1907, na ghorofani vitanda vyao bado vipo, nguo na picha ukutani, utadhani wameshuka bandarini mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 heringi walitoweka kwa kuvuliwa kupita kiasi, na mji ukanywea. Mama mtu mzima aliyekuwa mlangoni, alipojua tunatoka Denmark, akatuzungumzisha Kidenishi alichosomea shule. Tulikaa saa tatu. Tulikuwa tumepanga nusu saa.

Kusini, Vík tulipita tu: mchanga mweusi, mabasi mengi, na mawimbi ya ufuo wa Reynisfjara yasiyo na mzaha, usiyape mgongo.

Tukamalizia kisiwa cha Heimaey, kwa feri ya dakika 40 kutoka Landeyjahöfn. Usiku wa Januari 23, 1973, ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wa hapa, volkano ikalipuka. Bahati yao, dhoruba ilikuwa imezirudisha boti za uvuvi bandarini, hivyo watu zaidi ya 5,000 wakavushwa usiku ule ule. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipotishia kuziba mlango wa bandari, wakaipiga maji ya bahari kwa pampu hadi ikaganda. Makumbusho ya Eldheimar yamejengwa juu ya nyumba iliyofukuliwa kwenye majivu. Mlima Eldfell, uliozaliwa na mlipuko ule, tuliupanda, na mahali fulani ukichimba kwa vidole unahisi joto.

Bandarini tulinunua harðfiskur, ng'onda yao, iliyokaushwa kwa upepo, huliwa na siagi. Tulirudi na pakiti mbili. Moja mke wangu kaipika kwa tui la nazi. Nyingine nimeificha.