Uzoefu wangu na Hali ya Usaidizi ya Celeste

Celeste, gemu ya kuruka na kupanda mlima, ilitoka Januari 2018 ikiwa na kiwango kimoja tu cha ugumu. Huulizwi kama unataka rahisi au ngumu. Kilichopo ni Hali ya Usaidizi, yaani swichi za kujipunguzia ugumu mwenyewe, na sijaona gemu nyingine iliyolifanya jambo hili vizuri kiasi hiki.

Ukishaiwasha kwenye faili lako, ingia kwenye sura yoyote na usimamishe mchezo: menyu itakuonyesha swichi zake, kila moja ikijitegemea. Anza na kasi. Inashuka kutoka 100% hadi 50%, kwa hatua za 10%. Mimi nashauri 90% kwanza, kisha 80% ukikwama. Kasi ikipungua, chumba hakibadiliki: miiba iko palepale, umbali wa kuruka ni uleule, ila unapata muda zaidi wa kuona na kubonyeza. Kwa hiyo unachojifunza kitakufaa hata baadaye. Kosa kubwa ni kukimbilia 50%, halafu kurudi 100% kwa mkupuo. Vidole vinakuwa vimezoea mapigo ya polepole, na kila kitufe unakibonyeza kwa kuchelewa. Rudi 10% kwa 10%.

Swichi ya nguvu za kupanda, inayozifanya zisiishe, ni ya pili kwa faida. Kwa kawaida, kuruka juu mara nne ukiwa umeshika ukuta kunamaliza nguvu zote, na Madeline, mhusika unayemwongoza, anaanguka. Kama tatizo lako ni kidole kuuma kwa kushikilia kitufe, usiiguse hiyo. Badili namna ya kushika kwenye mipangilio, ili bonyezo moja lishike na jingine liachie.

Swichi ya kuchomoka hewani (kujirusha ghafla kuelekea upande unaoutaka) mara mbili nakuwekea tahadhari. Vyumba vingi vimepimwa kwa mchomoko mmoja, na fuwele za kijani zimewekwa hewani ili kuurudisha. Ukiwa na miwili unavuka bila kulitegua fumbo, na chumba kinachofuata kinakukuta hujui kitu. Swichi ya kutokufa iwashe kwa chumba kimoja kilichokushinda kabisa, kisha uizime.

Hades, gemu ya mapigano ya 2020, imechukua njia nyingine: hali yake ya usaidizi inakupunguzia madhara kwa 20%, na kila ukifa inaongeza 2% hadi ifike 80%, yaani baada ya vifo 30. Ni nzuri kwa anayetaka kuifuata hadithi. Lakini adui na mishale yake hubaki na kasi ileile, kwa hiyo mwenye macho au mikono mizito anasaidiwa kuvumilia mapigo tu, hasaidiwi kuyakwepa. Ndiyo maana neno "rahisi" peke yake halinitoshi: rahisi kwa nani, na katika nini?

Wanaosema usaidizi unaharibu gemu siwaelewi. Swichi ya mwenzako haigusi faili lako.

Dosari ninayoiona ni kwamba kasi inagota 50%, na wapo ambao hata hapo ni haraka mno. Hao wawashe usaidizi wa kuchomoka: ukishikilia kitufe, mchezo unaganda hadi uchague mwelekeo.