Bima ya afya ya kwenda kusoma majuu: anza na ipi?

Barua ya chuo ikishafika, wakala wa viza humpangia mzazi kila kitu kwa pamoja: fomu, tiketi na bima. Bima hiyo huwa ni ya safari, na ukiiweka kando ya karo utaiona kama bure. Kwa anayekwenda kusomea shahada nzima, mimi naiweka ya mwisho.

Ya kwanza ni ile ambayo nchi unayoiendea imeiweka kwa wanafunzi. Uingereza, masomo yakizidi miezi 6, unalipa ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na zote unalipa siku ya kuomba. Viza huongezwa miezi michache baada ya masomo, kwa hiyo usishangae kudaiwa nusu mwaka zaidi. Inauma, lakini ukifika unajiandikisha kwa daktari wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wa mtaani kwako na kutibiwa kama mwenyeji. Ujerumani, aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kama TK au AOK kwa karibu euro 150 kwa mwezi. Angalia hapo: ukiomba kuondolewa ili utumie ya binafsi iliyo rahisi, hutaweza kurudi kwenye ya umma hadi umalize masomo. Australia nayo haikupi viza bila OSHC, bima yake ya afya kwa wanafunzi wa kigeni.

Kuna pengo moja ambalo wazazi hawapendi kulitaja. NHS hailipii kusafirisha mwili kurudi nyumbani, na bima ya umma ya Ujerumani pia hailipii. Ndiyo maana kila mara tunaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangisha ili marehemu aletwe azikwe kwao. Kinga hiyo huuzwa ndani ya bima nyingine, na si ghali. Iulizie.

Ya pili ni bima ya chuo. Marekani haina mpango wa taifa wa kumpokea mwanafunzi mgeni, basi vyuo vingi huiweka kwenye ankara moja na karo. Ukileta yako wanaipima, na wana haki ya kuikataa. Mwenye viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, ana masharti ya serikali: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kuhamishwa kwa dharura na 25,000 za kusafirisha mwili. Kwa anayekwenda chuo kikuu cha Ontario, Kanada, bima ni UHIP, ambayo hupatikana kupitia chuo.

Ya tatu, bima binafsi ya kimataifa. Inamfaa aliyevuka miaka 30 akienda Ujerumani, au anayeanza na kozi ya lugha. Usidanganywe na kiwango kikubwa kilichoandikwa juu. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo wasiyolipia. Pumu, seli mundu, ujauzito na matibabu ya akili mara nyingi utayakuta huko.

Ya nne ndiyo hii ya safari inayouzwa hapa Nairobi. Ina kazi yake: viza fupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inadai kinga ya angalau euro 30,000, na jimbo la British Columbia, Kanada, humsubirisha mgeni karibu miezi 3 kabla ya bima ya jimbo kuanza. Inunue kwa muda huo tu. Ile inayoitwa ya mwaka mzima mara nyingi hulipia safari isiyozidi takriban siku 90 kwa mkupuo mmoja; mwanafunzi aliyeondoka Septemba huwa hana kinga ifikapo Krismasi, ingawa cheti chake kinasoma miezi 12.

Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, tafuta jina la kampuni na la wakala kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo ofisi zake ziko Upper Hill. Kisha dai mkataba wenyewe, wote. Wakala akikuletea cheti cha ukurasa mmoja tu, nenda kwa mwingine.